Profaili ya Haji Metwalli

"Salamu kwa watu wa Talkha! Salamu kwa mafundi wa chuma wa Mit Ghamr! Na salamu kwa yeyote aliyewahi kuona profaili yangu ikirudishwa karakana. Yuko wapi? Asimame tumwone! Hayupo! Siku ikirudi hata moja, mimi msiniite Ragaa tena, niiteni Hazem!"

Hayo aliyasema Ragaa Abu Samra kwenye maikrofoni, mbele ya ukoo mzima, siku ya harusi ya binamu yake. Mgeni akiitunza bendi anapewa maikrofoni atume salamu, na watu wenye akili timamu hutuma salamu kwa wajomba, kwa mtaa, na kwa bibi harusi. Ragaa alitunza, akakamata maikrofoni, akajisifia vyuma. Bibi harusi alibaki ameshikilia tabasamu kama aliyeshikilia mzigo, akingoja kutajwa. Nusu ya ukumbi haikujua profaili ni mnyama gani. Mjomba mmoja alidhani ni ile picha ya Facebook, akapiga makofi kuliko wote.

Hazem aliyetajwa alikuwepo, meza ya nyuma, mdomo umejaa bata. Alicheka. Ndiyo tabu ya Hazem: ukimtukana anacheka, na ukimtukana zaidi anakukaribisha chakula.

Kwa wale wa kundi la yule mjomba, profaili ya boriti ni sura yake ukiikata kama soseji na kuitazama kwa mbele: kimo chake, upana wake, unene wa mabamba yake. Kazi ya Ragaa ilikuwa kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta, boriti kwa boriti, nguzo kwa nguzo, mpaka tundu la bolti, kabla mtu hajawasha mashine ya kuchomelea. Jengo hilo la kompyuta wanaliita modeli. Karakana inakata chuma kwa michoro inayotoka kwenye modeli. Modeli ikisema kweli, chuma kinakaa. Ikidanganya, watu wanasimama juani wakitazamana.

Alizaliwa Talkha, ng'ambo ya mto ukitoka Mansoura. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha mbolea, na alipofika nyumbani harufu yake ilimtangulia ngazini. Mama yake, Sitt Ihsan, aliamua zamani kwamba bintiye atakuwa mfamasia. Alama zikakataa. Ragaa akaenda kusomea uchoraji wa majengo kwenye chuo cha ufundi, na kazi ya modeli akajifunza katika darasa lililokuwa juu ya duka la koshari, ule wali wa dengu, huku moshi wa vitunguu vya kukaangwa ukipanda dirishani mchana kutwa. Mpaka leo akiona boriti kwenye skrini tumbo linanguruma.

Kuhusu cheo, usimuulize. Mansoura ukishika futi ya kupimia, hata kama unapima pazia la shangazi yako, wewe ni mhandisi. Muuza juisi anamwita mhandisi. Mama yake peke yake ndiye aliyekataa.

"Unachora vijiti," Sitt Ihsan alikuwa akimwambia. "Mtoto wa miaka mitano anachora vijiti."

"Vijiti hivyo vinabeba paa, mama."

"Basi na vikubebe wewe vikupeleke kwa mume."

Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa ya Mhandisi Tharwat, mjini Mansoura, ghorofa ya tatu, juu ya daktari wa meno, lifti imekufa siku nyingi na hakuna aliyeizika. Tharwat alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye sauti ya mnadani. Alikuwa na wachoraji wake, alikuwa na Ragaa, na alikuwa na Hazem, mtoto wa dada yake, ambaye hakuajiriwa ila alitokea tu, kama ukungu ukutani.

Hazem alikuwa akila mbegu za alizeti juu ya kibodi. Mafaili yake aliyapa majina kama "mpya", "mpya kweli", na "mpya ya mwisho wallahi". Na akitaka boriti moja iwe nyembamba, hakujisumbua kuinakili profaili na kuhariri nakala. Alifungua profaili yenyewe, ile ambayo boriti nyingine zote zinaitegemea, akaivuta. Kwa hiyo ukiona asubuhi jengo zima limekonda kama limeugua, ujue Hazem alikuwa na boriti moja iliyomsumbua. Ragaa alishachapa karatasi kwa herufi kubwa akaibandika ukutani: NAKILI KWANZA, NDIPO UHARIRI. Hazem alikaa nayo mwezi mzima akidhani ni tangazo la duka la fotokopi.

Na kulikuwa na profaili moja iliyokuwa mama wa balaa zote. Kwenye maktaba ya maumbo ya ofisi iliitwa "Haji".

Boriti nene zinazokuja zimeshaundwa kutoka viwanda vya nje ni ghali, kwa hiyo karakana za Mit Ghamr zinanunua mabamba, zinayakata, zinayachomelea, zinapata boriti. Haji Metwalli, mwenye karakana iliyofanya kazi na ofisi ya Tharwat tangu enzi za karatasi, alikuwa bingwa wa hayo. Lakini bamba lililopo sokoni wiki hii si lazima liwepo wiki ijayo. Leo kuna la milimita kumi, kesho hakuna, keshokutwa lipo la kumi na mbili na muuzaji anajifanya hakujui. Sura ya boriti ya Haji ilibadilika kama bei ya nyanya. Ofisi ikazoea kuweka profaili moja, "Haji", na kila bamba likibadilika mtu anaifungua na kuirekebisha, na kazi zote za Haji zinafuata. Yeyote mwenye akili angeona hatari. Ragaa aliiona. Aliisema kwenye kila kikao. Aliisema mpaka watu wakawa wananyanyuka kwenda kuchemsha chai akifungua mdomo.

Ndiyo maana alikitaka kile kiti.

Mkuu wa modeli alikuwa amehamia Riyadh, na kiti chake kilibaki kitupu, maktaba nayo ikabaki wazi kwa kila mkono. Anayekikalia ndiye anayeshika neno la siri la maktaba, na akikaa, bila yeye hakuna wa kugusa profaili. Ragaa alikuwa akikitazama kile kiti kama mgonjwa anavyotazama maji. Tharwat alitangaza mbele ya wote, kwa sauti yake ya mnadani:

"Paa la soko la Talkha! Likisimama na hakuna chuma hata kimoja kilichorudi karakana, kiti ni cha Ragaa. Kikirudi, tutaonana."

Soko la Talkha, nyumbani kwao kabisa. Nguzo zake zilikuwa zimeshasimama, zimepakwa rangi, zina matundu yake tayari, zinangoja boriti. Boriti zenyewe zilitumia profaili ipi? Haji, bila shaka. Kimo sentimita arobaini.

Basi Jumatatu moja asubuhi simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Haji Metwalli palikuwa na msumeno ukilia kama ng'ombe anayechinjwa.

"Ragaa, binti yangu! Bamba la kumi limekwisha sokoni!"

"Asubuhi njema na kwako, Haji."

"Ile gereji ya daktari wa Sherbin! Nimepata la kumi na mbili! Nipunguzie kimo cha boriti, chuma kisizidi, uniletee michoro leo hii. Daktari ameshaniita mwizi, na hata sijaanza kumwibia!"

"Ngoja nimuulize Mhandisi Tharwat kama inabeba."

"Nimeshamuuliza, kasema nikuulize wewe!"

Tharwat akapaza sauti kutoka chumbani kwake bila kuinuka: "Gereji thelathini na sita inatosha! Nimepiga hesabu! Gereji tu, eh?"

"Nimesikia, bosi. Gereji tu."

Akafungua maktaba, akaifungua "Haji". Simu ya pili ikalia. Mama.

"Ijumaa kuna mtu anakuja kukuona. Ana duka la dawa. Mama yake anauliza kama unajua kupika."

"Mwambie najua kuchomelea."

"Ragaa!"

"Mama, niko kazini, nina Haji kwenye sikio la pili."

"Haji gani? Ana mke?"

"Ragaa," Hazem naye akamwegemea begani, mbegu za alizeti zikimwagika, "lile faili la ngazi umeliweka wapi?"

"Wapi nililiweka? Mimi? Faili lako?"

"Lile linaloitwa mpya."

Mkono wa kulia ukaandika thelathini na sita. Programu ikatoa dirisha lake: mabadiliko haya yatahusu boriti zote zinazotumia profaili hii, je, uendelee? Lakini programu ile ina maswali kama shangazi. Inakuuliza ukihifadhi, inakuuliza ukifunga, inakuuliza ukigeuka upande. Mtu aliyeulizwa kutwa "una hakika?" anaitikia kama anavyoitikia salamu mlangoni. Ragaa, mwandishi wa karatasi ya ukutani, akabofya Ndiyo, akamgeukia Hazem amwambie faili lake limejificha kwa aibu.

Gereji ikapungua. Na kwenye modeli ya soko, ambayo hakuna aliyeifungua siku hiyo, boriti zote zikajikunja kimya kimya mpaka thelathini na sita.

Jumatano akaifungua modeli ya soko atoe michoro ya boriti. Kabla ya kuchapa akaiamuru programu itafute migongano yote: bolti isiyokutana na tundu, bamba lililoingia ndani ya bamba. Hakuna. Kila kitu kijani. Kwa sababu programu ni mtumwa mwaminifu: boriti zilipopungua, ilivirekebisha na vyuma vyote vinavyozishika, ikasogeza matundu ya boriti, ikasogeza na matundu ya nguzo, ikapanga nyumba kama mke anayetarajia wakwe. Tatizo ni kwamba nguzo zenyewe zilikuwa zimesimama Talkha mwezi mzima, na chuma kilichosimama hakisikii kibofyo.

"Njoo uone modeli safi, mwanangu," Ragaa alimwambia Hazem. "Tazama. Hata moja nyekundu hakuna. Jifunze."

"Mashallah," Hazem akasema, na alimaanisha.

Michoro ikaenda Mit Ghamr. Karakana ikakata, ikachomelea, ikapaka rangi.

Siku ya kupandisha, kreni ilifika sokoni mapema. Wauza mboga na samaki walikuwa wamesogezwa pembeni na vitambaa vyao vya kujikinga jua, wakinung'unika. Tharwat alikuja na kofia yake nyeupe, Haji Metwalli alikuja na tasbihi, Hazem alikuja na mbegu. Ragaa alivaa viatu vipya. Alikuwa ametembea mtaa ule tangu anaburuzwa na mama yake kununua vitunguu, na leo alitembea kama mwenye hati ya soko.

Kreni ikainua boriti ya kwanza. Ikapanda vizuri, ikazunguka, ikashuka kati ya nguzo mbili. Fundi aliyekaa juu ya nguzo, miguu inaning'inia, akachukua bolti. Akaitazama. Akalitazama tundu. Akairudisha mfukoni.

"Mhandisi!" akaita. "Boriti imepungua!"

"Imepungua vipi?" Tharwat akanguruma.

"Sijui! Labda imefunga sunna!"

"Bolti zinaingia au haziingii?"

"Za juu zinaingia. Za chini, labda unipe bolti zenye shingo ndefu kama twiga!"

Wauza samaki wakacheka. Muuzaji mmoja, mwanamke mwenye sauti ya pembe, akasema, "Tumeondolewa kwa ajili ya hii? Hata meza yangu inakaa vizuri kuliko hii, na nimeitengeneza kwa mlango wa choo."

Wakaishusha. Wakajaribu ya pili. Yaleyale.

Tharwat akamgeukia Haji. Haji akafungua mchoro juu ya boneti ya gari na kuupiga kofi. "Mimi nakata nilichoandikiwa! Thelathini na sita! Ungeniandikia ndizi ningekata ndizi!"

"Soko ni arobaini!" Tharwat akapiga kelele. "Mimi niliihesabu arobaini! Thelathini na sita hapa haibebi, hata ukitoboa nguzo upya siikubali! Nani aliigusa?"

Ragaa alikuwa ameshaweka kompyuta yake juu ya kreti la samaki. Alibofya boriti moja. Haji, kimo thelathini na sita. Akaisikia simu ya Jumatatu, akamsikia mama yake, akasikia mbegu zikidondoka. Akauona mkono wake.

Alikuwa na kiti mbele yake, kiko karibu kiasi cha kukishika mgongo. Na hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Alihitaji kunyamaza tu, maana macho ya Tharwat yalishapita juu yake bila kusimama, yakaenda moja kwa moja kulekule yaendako siku zote.

"Hazem!"

Hazem akameza alichokuwa akitafuna. Akafikiri. Ilikuwa wazi anafikiri, na ilikuwa wazi hapati kitu.

"Samahani, mjomba," akasema kwa unyonge. "Nadhani ni mimi."

"Unadhani?"

"Mara nyingi huwa ni mimi."

"Uliifungua profaili ya Haji?"

"Nadhani niliifungua. Nilikuwa natafuta faili la ngazi." Akamtazama Ragaa, macho yake yamejaa majuto ya kweli. "Ragaa, dada yangu, nisamehe. Umeandika hadi ukutani. Nimekuharibia kazi yako."

Mtu mwenye busara angeinamisha kichwa, akapokea pole, akarudi nyumbani na kiti. Ragaa alimtazama yule kijana, shavu moja bado limevimba mbegu, amesimama mbele ya watu wa mtaa wake akichukua kosa lake kwa mikono miwili kama anapokea zawadi ya sikukuu, na kitu ndani yake kikakatika.

"Wewe?" akasema. "Wewe Hazem uihariri Haji, ubadilishe kimo na unene wa bamba, vyote vikae sawa, modeli itoke bila doa jekundu? Wewe? Tangu lini? Wewe ukigusa profaili jengo linageuka mkate! Tazama hii! Tazama ilivyo safi! Hii ni kazi ya mtu anayejua!"

"Basi ni nani?" Haji akauliza.

"Ni mimi! Nani mwingine? Jumatatu, ukinipigia kelele na msumeno wako! Ni mimi niliyebofya, na nilibofya vizuri!"

Kreni ilikuwa imezima injini. Soko zima lilisikia.

Fundi wa juu ya nguzo, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ndugu wa upande wa bwana harusi, akakohoa. "Zinarudi karakana basi?"

"Zote," Tharwat akasema taratibu, na hiyo ndiyo ilitisha, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema taratibu.

"Haya," fundi akasema, akiteremka. "Hazem, nisogezee ngazi. La, siyo wewe, Hazem. Yule mwingine mwenye viatu vipya."

Hata muuza samaki asiyealikwa harusini alicheka.

Haji Metwalli akamshika Ragaa bega. "Usijali, binti yangu. Nitazifumua, nitazichomelea upya. Lakini ungenyamaza, mwanangu. Mtoto alishakubali!"

"Hakujua anakubali nini, Haji."

"Ndiyo uzuri wake."

Boriti zilirudi Mit Ghamr, zikaja nyingine za arobaini, paa likasimama. Siku moja baadaye Tharwat akawaita wote wawili chumbani kwake. Alikuwa amewaagizia chai, na Ragaa alipoiona ile chai akajua. Tharwat huwaagizia chai watu anaotaka kuwasikitisha.

"Nimefikiri sana," akasema. "Kiti anakaa Hazem."

Hazem akageuka kutazama kama kuna Hazem mwingine nyuma yake.

"Bosi," Ragaa akasema, "huyu hajui dirisha la kuhariri profaili linafunguliwa wapi."

"Ndiyo maana hataifungua. Na ni mtu wa kukiri. Mtu anayekiri hata asilolifanya, akilifanya atakiri haraka."

"Na mimi nililolifanya sikukiri?"

"Wewe hukukiri, Ragaa. Wewe ulijisifu." Akapuliza chai yake. "Na nisikufiche, mama yake ni dada yangu, na kila Ijumaa nakula kwake. Unataka nife njaa?"

Ragaa alingoja Hazem akatae. Hazem alikuwa mtu mwema, angeweza kukataa. Lakini alikuwa ametoka kusifiwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na sifa zilimkaa usoni kama shati jipya.

"Sitakuangusha, mjomba," akasema.

Ragaa hakuacha kazi. Angekwenda wapi, kuhesabu vidonge kwenye duka la dawa? Yule mtu wa Ijumaa alikuja kweli, akamweleza Sitt Ihsan kwa kirefu habari za kodi ya duka, na alipoambiwa binti anatengeneza mapaa akauliza kama anaweza kumzibia linalovuja. Sitt Ihsan mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mlango. Vijiti ni vijiti, alisema, lakini bintiye si fundi wa lami.

Ofisini, Hazem alilichukua neno la siri la maktaba kwa uzito uliomtisha kila mtu. Hakumpa yeyote. Ragaa akitaka kugusa bamba la Haji sasa anasimama mbele ya meza ya Hazem, anaeleza, Hazem anatafuna, anafikiri, anauliza, "Hii ni ya lazima?" Kisha anafungua maktaba, anapotea humo, na anageuza skrini kwa adabu: "Dada, hebu nionyeshe pa kubofya." Ragaa anamwonyesha. Hazem anabofya. Kazi iliyokuwa ya dakika moja inameza chai nzima, na tangu hapo hakuna profaili iliyoharibika, jambo linalomuuma Ragaa kuliko yote.

Wiki ya pili Hazem akamwita.

"Dada Ragaa, si unapita mtaa wa wachonga vibao ukienda nyumbani?"

"Napita."

"Mjomba anasema mlango wa mkuu wa modeli lazima uwe na jina. Nami sijui vipimo. Wewe vipimo unavijua."

Akaenda. Mchongaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alimkaribisha kama wote wanavyomkaribisha.

"Karibu, mhandisi. Jina tupu, au na cheo?"

"Na cheo."

"Cheo kinaongeza urefu wa shaba."

"Ongeza."

"Jina ni lako?"

Ragaa akaikumbuka ile maikrofoni ya harusini. Akamwandikia "Hazem", akamchorea kibao chenyewe, urefu, upana, unene, na mahali pa matundu ya skurubu. Kilikuwa kibao cha shaba ya milimita mbili, herufi za kuchonga, rangi nyeusi ndani ya herufi, na skurubu nne. Bei yake paundi mia tano na hamsini.